Josline Babirye: Miaka Kumi na Tisa Redioni, na Leseni ya Mwezi wa Mwisho

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Mama Josline Babirye atarudisha ufunguo wa chumba cha redio, baada ya kulitumikia shirika letu la kusambaza dawa kwa miaka kumi na tisa na miezi minne. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike ukurasa mmoja. Nilimwambia haitawezekana, naye alidhani ninatania.

Kwanza nikiri ujinga wangu. Nilipohamia Juba kutoka Bomet, nilikaa karibu mwezi mzima nikisubiri kukutana na huyo binti aitwaye Josline. Kwetu Kenya, Mama Fulani ni mzazi wa Fulani. Hapa Juba ni heshima tu inayotangulia jina lako mwenyewe. Siku nilipomuuliza Mama Josline kama Josline anasoma wapi, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Josline ilimaliza shule zamani. Sasa Josline iko na kazi, wewe enda fanya yako." Urafiki wetu ulianzia hapo.

Alifika kutoka Jinja mwaka 2006 na kuajiriwa kama karani wa ghala letu la karibu na bandari ya mto, akipokea maboksi yaliyoshushwa kwenye matishari. Mwezi wake wa pili kazini, mtu wa redio alikwenda likizo na Mama Josline akaombwa amshikie kipaza sauti kwa wiki mbili. Mwenye redio hakurudi. Zile wiki mbili ndizo zinazomalizika Ijumaa hii.

Kwa wageni wetu wa siku hizi, ambao huamini kwamba simu ilikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, nieleze kidogo. Vituo vyetu vya mashambani vilikuwa na njia moja tu ya kuongea na Juba, nayo ni redio. Kila asubuhi saa moja na nusu Mama Josline aliita kituo kimoja baada ya kingine, na kila kituo kilijibu kwa kifupi: watu wangapi, wagonjwa wangapi, dawa gani imepungua. Mawimbi ni ya wote. Anayepiga soga anamzibia njia mtu mwenye gari lililopinduka au mama aliyeshindwa kujifungua. Kwa hiyo sheria ya chumba chake ilikuwa moja: hakuna salamu ndefu na hakuna habari za nyumbani. Wakati mmoja mkurugenzi wetu mzima alishika kipaza sauti kuuliza matokeo ya mpira. Mama Josline alimkata katikati ya sentensi na kumwambia aondoke kwenye mawimbi. Mkurugenzi aliondoka.

Tena alikuwa na lugha yake. Kwa usalama wa madereva, majina ya miji hayakutajwa hewani, na yeye ndiye aliyebuni majina ya kuyaficha, yote ya vyakula. Juba ilikuwa Kisra, ule mkate mwembamba wa huku. Kulikuwa na Bamia, Karanga na Samaki. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alisimama mlangoni akamsikia akitangaza kwamba Karanga kuna matope na magari mawili yametoka Kisra asubuhi, akaenda kumuuliza mpishi wetu chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Tucheke, lakini tusisahau. Zile siku za mapigano ya Julai 2016, ambazo kila aliyekuwepo anazikumbuka na hapendi kuzisimulia, Mama Josline alikaa kwenye kile chumba siku tatu akiwaita wenzetu arobaini na mmoja kwenye redio zao za mkononi, kila saa, kila mmoja kwa jina lake la redioni. Hakupandisha sauti hata mara moja. Waliokuwa wamejificha chini ya meza na vitanda wameniambia kwamba ile sauti kavu, isiyo na salamu, ndiyo iliyowafanya waamini kwamba dunia bado ina utaratibu. Wote arobaini na mmoja walipatikana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikatae ukurasa mmoja.

Mapema mwaka huu fundi wetu wa antena, Mhandisi Madut, alipanda juu ya paa kukaza nyaya. Madut alikulia Nairobi na Kiswahili chake kimejaa maneno ya mitaa ya Eastlands, ingawa sasa ameoa na kutulia hapa Juba. Jumamosi hufundisha darasa la redio ya ridhaa kwenye shule moja ya mtaa wa New Site. Watu wa ridhaa ni wale wanaoongea kwa redio kwa mapenzi yao tu, bila mshahara wala bosi, lakini lazima kila mmoja afaulu mtihani na kupewa leseni yake binafsi. Aliposhuka alitaja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kuna mzee mmoja kule karibu na mpaka wa Kongo ambaye hupatikana hewani kila Jumamosi saa nne asubuhi, zamani alikuwa wa shirika letu, jina lake Fulgensio. Mama Josline aliweka kikombe chini. Wiki iliyofuata alijiandikisha darasani.

Tulimtania sana. Mwanamke wa miaka sitini, amekaa kwenye redio karibu miaka ishirini, anakwenda kusomea redio! Darasani alikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa mbao, katikati ya wanafunzi wa chuo kikuu. Hesabu za umeme zilimtesa. Lakini kwa upande wa kuongea hewani, kila mtu alijua kwamba atafaulu akiwa amefumba macho. Madut mwenyewe alimwita "mwalimu".

Katika jaribio la mwezi wa Septemba alianguka vibaya kuliko wote.

Jaribio lenyewe lilikuwa kuongea na mtu usiyemjua, hewani, kwa dakika tano. Mtu wa upande wa pili aliuliza anaongea kutoka wapi. Mama Josline akajibu mara moja, "Kisra." Watu wa redio ya ridhaa hawaruhusiwi kuficha maana ya maneno, chochote wanachosema lazima kieleweke kwa yeyote anayesikiliza. Hilo pekee lingetosha kumwangusha. Kisha yule mtu akamuuliza habari za huko aliko, kama mvua inanyesha na kama watu wako salama. Mama Josline akasema, "Imepokelewa," akafunga. Muda wote aliotumia ulikuwa sekunde kumi na moja. Darasa lilicheka mpaka Madut akaegemea ubao, halafu wakaona kwamba mwenzao hacheki.

Jumatatu alinijia mezani na ombi. Mtihani wenyewe ulikuwa tarehe 8 Novemba na haungerudiwa mpaka mwaka kesho. Alitaka nimfundishe kupiga soga. Alinichagua mimi, alisema, kwa sababu katika ofisi nzima hakuna mtu anayeongea mambo yasiyo na faida kunishinda. Nimeamua kulichukua kama sifa.

Basi kila siku wakati wa chai nilimwekea saa, dakika tano, aongee lolote. Siku ya kwanza alisema kwamba chai ina sukari, akanyamaza. Siku ya tatu tulifika kwa jirani yake wa New Site, ambaye hufuga mbuzi wanaokula nguo. Nilianza kumwona mtu ambaye sikuwahi kumjua. Wiki ya pili, katikati ya hadithi ya mbuzi, alisimama na kuniambia kuhusu Fulgensio. Ameniruhusu niyaandike haya.

Fulgensio alikuwa msimamizi wa kituo tulichokiita Bamia. Kwa miaka kumi na minne alijibu wito wa Mama Josline kila asubuhi, na hawakuwahi kuonana. Mwaka 2021 mkewe alifariki. Habari ilikuja kupitia kwa muuguzi wa pale, ofisi ikapeleka kadi ya rambirambi tuliyoisaini sote. Siku ya nne Fulgensio alirudi redioni saa moja na nusu, akasema, "Bamia. Watu iko sita. Wagonjwa hakuna. Dawa ya malaria imebaki boksi nne." Alimaliza lakini hakuachia kitufe. Mama Josline alisikia pumzi yake, kitufe amekishikilia tu. Vituo saba vilikuwa vinasubiri zamu.

"Mimi ilisema imepokelewa," aliniambia. "Halafu mimi iliita Karanga."

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na mwezi uliofuata, na mwaka. Kila asubuhi sheria ilikuwa ileile, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Miaka miwili iliyopita Fulgensio alistaafu, akasoma darasa kama hili mjini Yambio, akarudi kijijini kwao na redio ndogo ya sola. Mtandao wa simu haujafika huko. Redio ya ofisi hairuhusiwi kutumika kwa mambo binafsi, na Mama Josline si mtu wa kuiba hata dakika moja ya ofisi. Kwa hiyo alibaki na njia moja tu: leseni yake mwenyewe. Aliniambia kwamba hataki kuandika barua. Pole, alisema, husemwa kwa mdomo, na mdomo wake ndio uliokosa.

Nilizima saa. Siku hiyo hatukuhesabu dakika tano.

Tarehe 8 Novemba alifanya mtihani wa kuandika na kuupita kwa swali moja tu. Yale mambo ya umeme nusura yamkwamishe. Kisha akapewa mtu wa kuongea naye, mwanamke wa Arusha, ambaye kwa bahati aliuliza watu wa Juba wanakula nini. Mama Josline alimweleza jinsi ya kupika mboga kwa karanga za kusaga, hatua kwa hatua, na asiweke maji mengi. Dakika ya saba Madut alianza kumpungia mkono amalize. Dakika ya tisa Mama Josline alimpa ishara anyamaze. Leseni ilitoka tarehe 19. Aliizungusha ofisi nzima ndani ya bahasha ya plastiki, hata kwa walinzi wa getini, na hakumruhusu mtu kuishika kwa mikono yenye mafuta.

Jumamosi tarehe 22 nilimsindikiza New Site. Alivaa gomesi, lile vazi lake la harusini na kanisani. Saa nne na dakika chache, kwenye redio ya darasa, sauti ya mzee ikatokea ikiuliza kama kuna mtu yeyote anayesikiliza. Mama Josline akajitambulisha kwa alama yake mwenyewe, ile iliyoandikwa kwenye leseni, kisha akataja jina lake. Fulgensio hakujibu kwa utaratibu wowote.

"Ya Josline! Josline ya Juba? Wewe bado iko?"

"Iko," alisema Mama Josline. Sauti ile kavu ya Julai 2016 ilikuwa inatetemeka, na hakuificha. "Fulgensio, mke wako alikufa na mimi haikusema kitu kwako. Kila siku ulijibu, na mimi haikusema. Pole. Pole sana, ndugu yangu."

Madut alidhani mawasiliano yamekatika, akanyoosha mkono kukagua waya na mimi nikamkanyaga mguu. Ndipo Fulgensio akasema asante. Akasema mkewe aliitwa Veneranda. Akasema kila asubuhi Veneranda alileta uji mpaka mlangoni pa chumba cha redio na kusubiri pale nje uji ukipoa, kwa sababu alipenda kumsikiliza yule mwanamke wa Juba asiyecheka. Alikuwa akiuliza kama huyo mwanamke ana watoto, kama amekula, na Fulgensio alikuwa akimjibu kwamba mambo hayo hayaulizwi hewani. Akasema tena kwamba pale kijijini watu wameshachoka kusikia habari za Veneranda. Halafu, kwa adabu kabisa, akauliza kama Josline ana dakika kidogo.

Mama Josline alivuta kiti mpaka tumbo likagusa meza. Alikuwa analia, na mimi pia, sioni sababu ya kuficha.

"Mimi iko na watoto watatu," alisema. "Na nimekula. Sasa wewe ongea."

Waliongea mpaka betri ya darasa ikaisha.

Mama Josline, kwa niaba ya wenzako wote wa Juba na wa vituo vyote, vile vilivyo wazi na vile vilivyofungwa, asante kwa kila asubuhi uliyotuita na kusubiri tuitike. Asante kwa kunifundisha kunyamaza, ingawa somo halijaingia vizuri. Mungu akulinde wewe na wanao, na mbuzi wa jirani wakale nguo za watu wengine. Sisi tunakuombea uzee mrefu wenye afya, na Jumamosi nyingi sana zisizo na haraka.

Valary
Idara ya Usafirishaji