Tundu Lililozibwa Mapema

Kwenye basi la Mahenge, mbele yangu walikaa mafundi kompyuta wawili wa kampuni moja ya mchele: Justa wa tawi la Lupiro na Severini wa Ifakara. Kirusi aina ya mnyoo, kinachojisambaza bila mtu kubonyeza kitu, kilikuwa kimeangusha kompyuta zote za Ifakara. Severini alizifufua, akapandishwa cheo.

“Kwangu hakikugusa hata moja,” alisema Justa. “Nilisasisha programu mapema, nikaziba lile tundu la kiusalama kinamopitia. Wewe umepewa ofisi yenye kiyoyozi, mimi hata ahsante sijapata.”

“Dada, ukiziba mapema, nani atajua tundu lilikuwepo?”

“Ulijua wewe. Nilikupigia simu uzibe.”

Niliacha kutafuna karanga ili nisikie jibu. Severini alitazama mashamba ya mpunga mpaka basi likasimama Lupiro, Justa akashuka.