Kivumbasi Kilichobaki Mlangoni kwa Nyanzala

Ndugu zetu, majirani wa Magamba na nyie mliofika kwa treni kutoka Tabora, tunaomba utulivu kidogo, tunajua tangu asubuhi mnanong'ona mkiulizana mtoto wa kwanza wa marehemu yuko wapi, jibu lake limo humu humu na tutalifikia, lakini kwanza tusikie mama mwenyewe alivyoishi. Anayesoma ni Bartolomeo, mdogo wake wa tumbo moja, kwa niaba ya familia.

Marehemu Dafrosa Nyanzala alizaliwa tarehe 9 Juni 1947 wilayani Maswa, akiwa mtoto wa pili wa mzee Masalu, akaanza shule ya misheni mwaka 1956 na kumaliza darasa la nne mwaka 1959, kisha akabaki nyumbani kumsaidia mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi za kivumbasi: kufunga matawi mabichi juu ya mlango na uvunguni mwa kitanda ili mbu wasisogee, kutupia majani makavu kwenye makaa jioni, kuyatandika kwenye viota vya kuku kwa ajili ya utitiri, na kuyachanganya na maharage ghalani ili yasitobolewe na fukusi.

Tarehe 18 Septemba 1965 alifunga ndoa na Malale, mfugaji, na hapo safari zikaanza. Walihamia Nzega mwaka 1971, Operesheni Vijiji ikawahamisha tena mwaka 1974, wakaenda Urambo mwaka 1979, Inyonga mwaka 1984, kisha hapa Magamba tarehe 2 Oktoba 1989, kila mara sababu ikiwa malisho, au maji, au mbung'o, au basi tu shemeji yetu Malale ameamka na lake. Kila walikofika, Nyanzala alimwaga mbegu za kivumbasi kuzunguka nyumba kabla hata jiko halijapata mafiga, na kila kilipofika magotini alimwona mume wake anakagua magurudumu ya mkokoteni, naye alisubiri mbegu zikomae, akakata vichwa vyake, akavikausha, akavitia kwenye kibuyu, wakaondoka. Mungu aliwajalia watoto saba, wanne wako hai, na hakuna wawili kati ya hao wanne waliozaliwa kijiji kimoja.

Alipofika Magamba alichoka. Kibuyu alikitundika kwenye pao la nyumba, hakupanda hata mbegu moja kwake, ila aligawa kwa kila aliyepita, ikafika mahali huku kote kunanukia kivumbasi isipokuwa nyumba ya mwenye mbegu, ambako mbu walikula watu mpaka wageni wakawa wanaaga mapema. Jirani yake Josefina alipomuuliza, "Mama Machibya, sisi umetupa, wewe mbona unakubali kuliwa?" alijibu, "Nimechoka kupandia watakaokuja nyuma yangu. Baba Machibya akisema tunakaa, nitapanda." Maneno hayo yalimfikia mzee Malale, kama yalivyokusudiwa, naye akayatafuna miaka mitatu, hadi mvua za kwanza za Novemba 1993, aliposimama mlangoni akasema neno moja tu, "Panda," na siku hiyo hiyo kibuyu kikashushwa.

Tangu hapo maharage yake yalijulikana sokoni Shanwe, wanunuzi wakiyanusa kwanza, yakinukia kivumbasi hawaulizi zaidi, ingawa tuseme kweli, dumuzi wa mahindi alimshinda, naye mama alikuwa akimtukana waziwazi. Wale waliosema ule ni mmea wa kufukuzia mashetani aliwajibu kwamba yeye anafukuza mbu, shetani akipaliwa na moshi shauri yake.

Januari mwaka huu wa 1997 mzee Malale alitangulia na ng'ombe kwenda Mamba, huko Mpimbwe, akaacha maagizo kwamba mama afuate baada ya mavuno. Mama hakubisha, na hilo ndilo lililotutia hofu, kwa sababu tulimjua. Tarehe 21 Machi alianguka shambani, akapelekwa hospitali mjini Mpanda, akaonekana ana shinikizo la damu na upande wa kulia umepooza, akatibiwa, akaomba arudishwe nyumbani. Kivumbasi kilikuwa kimekomaa, mbegu zimekauka, binti yake Specioza akachukua kisu akate kama walivyozoea wakati wa kuhama, mama akamzuia kwa mkono wa kushoto, "Acha. Ziangukie hapo hapo."

Mzee Malale aliitwa, akafika tarehe 12 Aprili, akakuta vile vichwa vya mbegu havijaguswa, na waliokuwa uani wanasema alisimama pale mlangoni akishindwa kuingia. Mama alimuuliza kwa shida, "Ng'ombe wako wapi?" naye akajibu, "Wamerudi, wako zizini. Tunakaa." Zizi lilikuwa tupu, na masikio ya mama hayakuwa na ugonjwa wowote, lakini hakumbishia, alifumba macho akalala vizuri, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 14 Aprili akatutoka.

Mzee Malale mwenyewe ameagiza hili lisomwe mbele yenu. Amesema hawezi kumzika mke wake juu ya uongo, kwa hiyo alfajiri ile ile alimtuma Machibya, mtoto wao wa kwanza, aende Mamba akawarudishe ng'ombe wote, na Machibya aliondoka analia, akijua kwamba hatawahi kumtupia mama yake udongo. Inatuuma sana. Ndugu, msimnong'one tena, yuko njiani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, akina mama wa jumuiya waliopokezana kumgeuza kitandani, wenzake wa sokoni waliofunga meza zao leo, na Josefina, ambaye kila jioni alileta matawi ya kivumbasi kutoka kwake, ili mbu wasimsumbue mgonjwa na cha mlangoni kisiguswe.

Mvua za Novemba zitazikuta mbegu ziko chini, kitaota chenyewe, kitafika magotini, na safari hii kitapita magoti. Nyanzala, dada yetu, kibuyu ni kitupu, hakuna tena wa kukuambia ufunge mizigo. Pumzika kwa amani.