Kadi ya Vitalis Chilumba

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa mtaani Gerezani, karatasi hii si ndefu, ila ina mahali patakapouma, na bibi aliyemlea marehemu, Hyasinta, aliyeiandika kwa herufi alizojifunza ukubwani, amesema isomwe yote.

Marehemu Vitalis Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, wilayani Masasi, mtoto pekee wa Angelina, aliyefariki mwaka 1960, ndipo bibi akamleta Dar es Salaam kwa basi, mtoto akitapika njia nzima na bibi akimwambia atapike nje kama watu.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, isipokuwa mwaka 1966 alilala miezi minne kwa homa, viungo vimevimba, na daktari akasema homa ile imemharibia moyo, asikimbie, asibebe mzigo.

Hakuchaguliwa sekondari, hivyo mwaka 1970 akaanza kuunga vibatari vya makopo hapa hapa Gerezani, kazi ya kukaa kitako, akaiweza, ingawa kibatari chake cha kwanza kilivuja mafuta, bibi anacho mpaka leo na hakifai kitu.

Hakuoa wala hakuacha mtoto, alikuwa na mchumba, Selina wa Mchikichini, yupo hapa, na bibi anaomba asiulizwe maswali.

Mwaka 1973 mpango wa mkoa wa maendeleo ya vijana ulifika mtaani, kila balozi wa nyumba kumi akaandika majina, vijana wapimwe, waende kambini mwaka mzima, na aliyeingia alipewa kadi. Kadi hiyo Vitalis aliitaka kuliko chakula, maana kila msako wa wazururaji ulipopita Kariakoo, fundi wa makopo hakuwa na la kuonyesha, akajificha nyuma ya mapipa akihema, na wenzake wenye kadi wakapita katikati ya barabara wakimtania, mzee wa mapipa, toka, wameshaondoka. Daktari alimsikiliza kifua, akamrudisha.

Mwaka 1974 alimwendea tena balozi wetu, Mama Evarista, naye akauliza, huyu si ndiye aliyerudishwa mwaka jana, bibi akamjibu, kapona, wewe andika, moyo unao wewe au anao yeye?

Sasa panapouma. Tarehe 5 Agosti 1974, siku ya kupimwa, aliyeingia kwa daktari na kuitikia jina la Vitalis hakuwa Vitalis, alikuwa ndugu yake Augustino, mtoto wa mama yake mdogo, mwenye kifua cha punda, na aliyemtuma ni bibi. Augustino alikataa mara mbili, bibi akamwambia, sema tu unamwonea mwenzio wivu. Augustino ndiye anayewasomea sasa, na asiruke mstari huu.

Marehemu aliingia kambini tarehe 2 Septemba, akaandika barua moja, nakimbia, bibi, wa mwisho lakini nafika. Tarehe 11 Oktoba alianguka akibeba matofali, akalazwa, daktari alipouliza ni nani aliyepimwa kwa jina hili, akajibu ni mimi. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1974, saa nne asubuhi, kadi imo mfukoni mwa shati.

Tangu juzi mnasema hapa msibani kwamba Mama Evarista alipeleka mgonjwa kambini, na mtu mzima mwenye akili zake kamwaga maganda mlangoni kwake. Acheni. Mama Evarista aliandika alichoambiwa, Augustino alifanya alichotumwa, na anayetafuta wa kumnyooshea kidole, bibi amekaa mkeka wa mbele, anaonekana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku nane, vijana wa kambini waliombeba mikononi mpaka barabarani, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza, majirani wa maji na unga, na Mama Evarista, ambaye yuko jikoni kwetu tangu jana anapika, na hakuna aliyemsalimia.

Augustino atashika jeneza upande wa mbele, na asijitokeze wa kumsogeza.

Pumzika kwa amani, Vitalis, kadi yako tumeiacha mfukoni ulipoiweka, ingawa huko uendako hakuna msako.