Adelgunda Kokushubira, Mama Brokoli wa Kihanga

Adelgunda Kokushubira alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Nyakasimbi, wilayani Karagwe, mtoto wa kwanza wa mzee Gaudiosus na mama Salvina. Mama yao alipofariki mwaka 1974, mdogo wake wa pekee, Prudensia, alikuwa bado hajaota meno yote. Adelgunda akawa anambeba mgongoni hadi shuleni. Mwalimu alimfukuza mara mbili, ya tatu akachoka, akawawekea kigoda karibu na mlango. Akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na masomo yake yakaishia hapo, maana sekondari hawapokei mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Nestory Rwegoshora wa Kihanga. Nestory alipenda kusema kwamba alioa mmoja akapata wawili, kwani Prudensia alikuja na dada yake, akalelewa hapo hadi alipoolewa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mungu aliwajalia watoto watatu. Nestory alitangulia mbele ya haki mwaka 2014.

Kuanzia 1985 hadi 2010 marehemu alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni huko Nyakahanga. Muuguzi mmoja mgeni, alipokuwa akirudi kwao mwaka 1997, alimwachia pakiti ya mbegu za brokoli. Adelgunda akasia kitalu chini ya kivuli cha migomba, akahamisha miche baada ya mwezi, akaiwekea samadi na matandazo ya nyasi. Baridi yetu ya huku juu iliipenda. Nestory akaizunguka ile mimea, akauliza, "Waitu, mwenzangu, hii kabichi yako mbona imegoma kufunga?" Akaambiwa hiyo haifungi, huliwa ingali ua changa. Akala, akajiongezea.

Baada ya kustaafu, bustani ndiyo ikawa kazi yake. Alikata asubuhi na mapema, vichwa vikiwa vimebana kama punje za ulezi, na shina aliliacha ili lichipue vichwa vidogo. Vidukari aliwaua kwa maji ya sabuni na majivu. Dawa ya dukani haikuingia katika kibanja chake, na kwa hilo watu walimwamini. Kila aliyetaka kujifunza alifundishwa. Wa kwanza kufundishwa, na wa kwanza kupewa miche, alikuwa Prudensia.

Sasa, ndugu waombolezaji, tunafika mahali ambapo wasifu nyingi huruka. Marehemu alikataa turuke.

Jumamosi moja ya Agosti 2019 alipeleka kapu lake kwa Mackrine, aliyekuwa akiinunulia mboga hoteli ya Kayanga. Mackrine hakulifunua. Alisema, "Mama Elpidius, mboga iliyopuliziwa dawa ya mibuni siwezi kuwalisha watu. Na aliyeniambia ni wa damu yako." Wiki iliyofuata bodaboda ya Mackrine ilionekana ikipakia brokoli kwa Prudensia, zilizotokana na ile ile miche ya Adelgunda.

Neno lile halikubaki Kayanga. Lilifika usharikani, likafika majirani. Kwenye harusi ya binti yake Benitha, bakuli lake la brokoli lilizungushwa meza zote, likarudi limejaa. Adelgunda alilichukua, akaenda nyuma ya jiko, akala mwenyewe hadi likaisha. Hakumgombeza mdogo wake. Alimwambia Benitha kwamba adui angemjibu. Lakini huyu mdogo wake, yeye Adelgunda ndiye aliyemtafunia chakula kabla hajajua kutafuna, amjibu kwa lugha gani?

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa hospitali ya Nyakahanga, akapata rufaa kwenda Mwanza, kisha akarudi nyumbani. Wapo waliosema dawa zake zimemrudia mwenyewe. Prudensia aliyasikia hayo kisimani, na siku hiyo hiyo alikuja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Dada, nisamehe. Ni wivu tu. Hukuwahi kupuliza chochote."

"Nimeshakusamehe. Lakini wewe na mimi tulikuwa tunalijua hilo tangu mwanzo. Waambie uliowaambia."

Prudensia akasema anaogopa, ataanzia mlango wa nani, na nani atakaa naye tena. Adelgunda akafikiri, kisha akacheka kidogo, cheko la mgonjwa.

"Usisumbuke na milango. Iko siku watakuja wenyewe, wote, na watakaa kimya. Siku hiyo utasoma wewe."

Alimwamuru mwanawe Elpidius aandike wasifu huu, akamrudishia mara mbili alipojaribu kulainisha. Aliaga dunia nyumbani Kihanga tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha watoto watatu: Elpidius, Benitha na Placidius, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, Prudensia, ambaye ndiye anayesimama mbele yenu sasa na kuyasoma maneno haya yote kwa kinywa chake, bila kupunguza.

Bwana ampe Adelgunda pumziko la amani, na jina lake pia lipumzike.