Shangazi na Indiketa ya Kushoto

Benchi letu limebanwa kati ya kinyozi na duka la spea, kwa hiyo mwenye shida ya kichwa na mwenye shida ya gari wote hupita kwetu kwanza, na hatumwachi mtu aende bila ushauri. Ubao wenyewe zamani ulikuwa mlango. Bawaba zimebaki upande mmoja, na anayezikalia ni yule aliyechelewa kufika. Asubuhi ile nilizikalia mimi. Mbele yetu, pua ikitutazama kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, kilisimama kigari cha Shangazi, muuza kahawa wetu. Si shangazi wa mtu yeyote pale, na Baba Pacha wa hapa benchini anamzidi umri, lakini anayekumiminia kahawa kila siku huwezi kumwita jina. Saa nne alitakiwa kwenye mtihani wa udereva, wa tatu huo. Wa kwanza aligonga debe. Wa pili hakugonga kitu, ila gari lilimzimikia katikati ya makutano, akamwomba mtahini ashuke asukume. Kiwanda cha matofali upande wa pili wa mji kilimwahidi kwamba akiweza kufika na mabirika yake kila alfajiri, zamu nzima ni wateja wake. Na huko hufiki kwa miguu ukiwa na birika la moto. Sasa indiketa ya kushoto imegoma, na mtahini yule kabla hajaketi huzunguka gari akikagua taa. Taa moja ikilala, anarudi zake ofisini.

Shangazi alikuwa ndani ya gari, kichwa nje ya dirisha.

Shangazi: Nimewasha kushoto! Huko mbele inawaka?

Mawimbi: Haiwaki. Hebu sikilizeni mlio huo. Tik-tik-tik-tik! Ikikimbia hivyo, ujue balbu moja imekufa.

Mawimbi alikuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kununua redio. Tangu hapo hutengeneza chochote chenye waya, ukimwomba na usipomwomba. Aliingia duka la spea, akatoka na balbu mpya, akafungua boneti, akainamia kushoto. Mimi nilimmulikia kwa simu. “Hapo hapo,” nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua. Akatoa balbu, akaitia mfukoni, akaweka mpya.

Mawimbi: Washa!

Tik-tik-tik-tik. Mbele giza.

Wembe: Balbu mpya, na haiwaki? Basi si balbu. Hiyo betri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wembe ndiye kinyozi. Nusu ya siku yake huwa kwenye kiti chetu, nusu nyingine kwenye cha wateja.

Mawimbi: Maji kayamwaga nani?

Wembe: Methali, bwana! Betri haina maji?

Mawimbi: Ingekuwa betri, kulia kungewaka? Shangazi, washa kulia.

Mlio wa kulia ukaja taratibu, kama mtu aliyepokea mshahara jana, nasi tukaridhika na mlio bila kuitazama taa.

Baba Pacha: Mnajisumbua. Taa hizi ni pacha, na mambo ya pacha niulizeni mimi. Kwangu ukimsifu mmoja, mwenzake hali chakula. Hii ya kushoto imenuna. Shangazi, ukitoka kwako kuja hapa, unakata wapi?

Shangazi: Kulia. Halafu kulia. Halafu... kulia tena.

Baba Pacha: Si mnasikia! Kushoto hakutumwi hata dukani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wembe: Kwa hiyo taa imesahau kuwaka?

Baba Pacha: Wewe ukikaa mwaka mzima bila kunyoa, mkono hautatetemeka?

Wembe: Mbona unatetemeka sasa, na nanyoa kila siku?

Nikaona wakati wangu umefika. Pale kijiweni naitwa Paspoti, kwa sababu nimezunguka kidogo na kusimulia sana.

Mimi: Ndugu zangu, tuulize kwanza gari limetoka wapi. Kuna nchi wanaendesha upande huu, na kuna nchi wanaendesha upande ule. Niliwahi kufungua mlango wa abiria mahali fulani, nikamkalia dereva mapajani.

Wembe: Akasemaje?

Mimi: Aliniuliza naenda wapi. Sasa, hili gari limekulia ughaibuni. Kushoto kwao ni kulia kwetu. Limehamishwa ukubwani, limechanganyikiwa. Dawa yake ni kuliacha lizoee.

Shangazi: Lizoee mpaka saa nne, Paspoti?

Nikanywa kahawa, maana kikombe ni mahali pazuri pa kuficha uso.

Mawimbi akakagua fyuzi, zote nzima. Akavuta waya mmoja, honi ikalia peke yake. Akaurudisha harakaharaka, akatazama pembeni kama vile honi ni ya jirani. Ndipo Wembe akaweka kikombe chini, akateremsha sauti.

Wembe: Nyie, mbona hamshtuki? Gari hili halijaharibika. Linatuonea huruma sisi.

Baba Pacha: Sisi tena?

Wembe: Fikiria. Shangazi akipata leseni, alfajiri yuko kiwandani. Hapa nani atamimina?

Mawimbi alibaki na bisibisi hewani. Mimi nilitazama birika lililokuwa kati yetu, jeusi kwa moshi, mdomo umepinda kidogo, na kwa mara ya kwanza nikaliona ni la mtu.

Baba Pacha: Kumbe tunamnolea mwizi panga.

Shangazi: Nasikia, jamani. Masikio hayajagoma.

Wembe: Shangazi, tunatania tu.

Shangazi: Hamtanii. Na mimi sitanuna. Nikishindwa leo nitarudi hapa hapa, nitawamiminia kama jana. Lakini tangu niliposhika birika hili, kila anayekunywa anakunywa akiwa njiani, anakwenda mahali. Anamaliza, anasema asante Shangazi, anaondoka. Na mimi nataka siku moja niwe naondoka.

Aliyasema bila kutuangalia, mikono yote miwili kwenye usukani wa gari lililozimwa.

Mawimbi akajipapasa mfukoni.

Mawimbi: Nani kakalia koleo yangu?

Tuliinuka wote. Benchi lilibaki tupu, jambo ambalo sijawahi kuliona likitokea wakati birika lina kitu. Baba Pacha akashika boneti, mimi nikalala chini ya pua ya gari kutafuta sijui nini, Wembe akaanza kupuliza waya mmoja mmoja kama anayepoza uji.

Tukiwa hivyo, mlango wa kinyozi ukafunguka. Akatoka mtu tusiyemjua, kitambaa cha kunyolea shingoni, kichwa nusu kinang'aa na nusu kichaka.

Mteja: Samahani, fundi. Nimesubiri mpaka nimesinzia. Utarudi kweli?

Wembe: Akili ni nywele, kaka, kila mtu ana zake. Wewe una nusu, kwa hiyo unatosha. Shika simu hii, tumulikie kushoto.

Mteja akapokea simu. Akasimama mbele ya gari, akanyanyua mkono, akaushusha.

Mteja: Kushoto kwangu, au kwa gari?

Shangazi akatoa tena kichwa dirishani.

Mawimbi akatazama mkono wake wa kushoto. Akatazama gari. Akaligeuzia gari mgongo, akakaa mkao wa dereva pale pale amesimama, akashika usukani wa hewa, akautazama tena ule mkono. Mimi niliyevuka mipaka yote ile nikaona viatu vyangu vinahitaji kuangaliwa kwa makini.

Baba Pacha: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mteja: Nimekosea?

Mawimbi: Hapana, ndugu yangu. Umepatia. Ndiyo balaa lenyewe.

Tulikuwa tumetazamana na gari uso kwa uso, tukabadilisha balbu ya kushoto kwetu, yaani kulia kwa gari, iliyokuwa nzima na haina ugomvi na mtu. Mawimbi akazunguka upande wa pili, akaifungua taa, akatoa balbu nyeusi kama punje ya mahindi iliyoungua. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile aliyoitangaza marehemu, akaipangusa kwa shati, akaiweka hapo.

Mawimbi: Shangazi, washa kushoto. Kwako.

Tik... tak... tik... tak.

Ilikuwa njano, ikiwaka na kuzima bila papara. Shangazi hakuiona, maana yeye alikuwa nyuma ya usukani, lakini aliiona usoni kwetu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea honi.

Mawimbi: Lakini tangu mwanzo si nilisema ni balbu?

Wembe: Ulisema. Hukusema ya nani.

Mwanafunzi haendeshi peke yake, kwa hiyo Baba Pacha, mwenye leseni ya siku nyingi kuliko sisi wote, akaketi pembeni yake, akafunga mkanda, kisha akafunga macho. Shangazi akarudi nyuma polepole. Hakugonga debe. Alipofika mwisho wa mtaa akawasha kushoto. Hakukuwa na gari lililokuwa likija, wala baiskeli, wala mbuzi. Alingoja hivyo hivyo, akatazama huku, akatazama kule, kisha akakata.

Wembe: Huyo kafaulu! Kama mtahini ana macho, huyo kafaulu.

Akamshika mteja wake bega, wakaingia ndani kumalizia ule upande wa pili, wakibishana ni upi. Tukabaki mimi na Mawimbi, benchi zima letu.

Mawimbi: Kesho kutwa atakuwa kiwandani.

Mimi: Inshallah.

Mawimbi: Inshallah. Na kahawa?

Nikainua birika. Likatoa nusu kikombe, kisha machicha, kisha pumzi. Tukagawana ile nusu. Kibandani kwa Shangazi, hapo pembeni ya benchi, jiko lilikuwa bado na makaa, na mkebe wa kahawa uko palepale kwenye rafu. Nikainuka, nikakunja mikono ya shati. Nimekunywa kahawa kwenye vituo vya treni nisivyoweza kuvitamka, lakini kuipika, hata kwangu nimepigwa marufuku.

Mimi: Mawimbi, hivi kinatangulia nini, maji au kahawa?

Mawimbi alifikiri sana.

Mawimbi: Wewe weka jikoni. Tutajua ikichemka.