Mama Kufuli na Samaki wa Msiba Wake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kufuli.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa kuanzia 1966 hadi 1972, na alipomaliza akashika mkuki wa pweza wa mama yetu, kazi aliyoifanya ujana wake wote. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa mitumbwi, wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na mapacha wa kiume.

Bahari ilipozidi kupata joto, matumbawe yakageuka meupe, pweza wakawa wa kutafutwa kwa tochi, na ndipo mwaka 2011 alipoanzisha kamati ya kufunga mwamba usivuliwe miezi minne kila mwaka ili viumbe wazaliane. Looh, alitukanwa! Walisema anafunga bahari kana kwamba ni kabati la jikoni kwake, na jina la Kufuli likazaliwa hapo, lakini mwaka wa tatu mwamba ulipofunguliwa, waliomtukana ndio waliotangulia na ndoo. Hakuwa na upendeleo, maana shemeji alipokutwa na pweza mmoja tu kabla ya siku, mkewe mwenyewe alimpeleka mbele ya kamati, na wiki nzima mzee akala kwa dada yake.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hospitali ya wilaya, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akatutoka, mwamba ukiwa bado umefungwa.

Sasa ndugu zetu, hapa ndipo uso unaposhuka. Jana mapacha wake, wakisema mama yao hawezi kuzikwa kwa maharage, waliingia mwambani wakarudi na mabeseni mawili ya samaki, wakayapeleka jikoni ili mpikiwe ninyi. Wajumbe wa kamati waliona, wakainamisha macho, eti mfiwa hakaripiwi. Familia inaona haya, haya ya kweli, kwamba nyumba iliyowakataza wengine ndiyo iliyovunja, tena maiti ikiwa ndani. Samaki wamekabidhiwa kwa kamati, mapacha hawataingia majini siku ya kufungua, na chakula mtakachokula ni hayo hayo maharage, yamechelewa, mtuvumilie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioepua masufuria ya samaki hao bila kutusimanga, na wanakamati wenzake, ambao tunawaomba jambo moja tu, kwamba siku nyingine mkituona tunakosea, hata kama tunalia, msitustahi. Dada, tumekuaibisha mbele ya watu wako. Pumzika kwa amani.