Gersakun, Aliyechonga Sarafu za Shaba za Sidoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa watia rangi, na wewe afisa uliyetumwa kutusikiliza, sogea mbele usikie vizuri, mimi Batnoam, binti wa kwanza wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya baba yetu.

Gersakun bin Bodashtart alizaliwa hapa Sidoni mwaka wa mia na kumi kwa hesabu ya wafalme wa Kigiriki, akafundishwa na mjomba wake kuchonga mihuri ya kuchapia sarafu, akaajiriwa katika karakana ya mji, na mwaka wa mia na thelathini na tatu akamwoa mama yetu, Arishat, wakajaliwa kunipata mimi na mdogo wangu Magon.

Mwaka wa mia na arobaini na tatu afisa mmoja wa mfalme aliamuru sarafu za shaba ziandikwe Kigiriki pekee, herufi zetu zifutwe, na mafundi wenzake baba wakiwa wameinamisha vichwa, baba akajibu, “Bwana mkubwa, upande huu nimemchonga mfalme wako, na pua yake yote nimeipatia nafasi, upande wa pili tuachie wenyewe.”

“Nikiona herufi moja,” afisa akasema, “mkono huo si wako tena.”

Baba akachonga, kwa herufi zetu, “Sidoni, mama wa Tiro,” na ninyi wa Tiro mliokuja leo mtuvumilie, hata ninyi hakuwaonea haya.

Askari wa afisa walimkata kidole gumba cha mkono wa kulia mlangoni pa karakana, sote tukitazama, mama akamfunga jeraha, akamwambia, “Haya, mzee, nyundo shika kwa kushoto, patasi nitashika mimi,” wakaendelea, na askari walipoleta sokoni sarafu za Kigiriki pekee walizolipwa, wauza samaki walizirudisha, “Hii haina mji, kaka, mpelekee aliyekupa,” mpaka askari wenyewe, kwa njaa, wakamlazimisha afisa aifute amri yake.

Moshi wa tanuri ulimharibu kifua, akaugua tangu mavuno ya zabibu, akafariki juzi alfajiri, mikononi mwa mama.

Tunamshukuru tabibu aliyekuja bila kuitwa, majirani mliopika, na mafundi wenzake mliombeba bila kuomba kibali cha mtu.

Tumesikia amri ile imerudi, basi afisa, kawaambie waliokutuma kwamba karakana inafunguliwa kesho, na mama ameshanoa patasi.

Baba, wewe pumzika, sisi bado tupo kazini.